Pua ya Kiwanda

Siku eda yangu ilipokwisha, wifi yangu Saynab alikuja asubuhi na wanawake watano wa mtaa wetu. Walinivua nguo nyeupe nilizozivaa miezi minne na siku kumi, wakaniosha kichwa, wakanivalisha dera jipya la kijani. Kisha Saynab akatia makaa kwenye chetezo, juu yake akaweka uunsi, ule ubani wetu unaopikwa kwa sukari na marashi, akanifukiza kuanzia miguuni hadi kichwani. Mjane hagusi kitu chenye manukato katika eda. Moshi wa siku hiyo ndio unaomrudisha kwa watu.

Moshi niliuona. Ulikuwa mwingi, ukaniingia machoni hadi machozi yakatoka, na wanawake wakasema ni vizuri, mwacheni alie. Lakini harufu sikuisikia. Nilifikiri uunsi wenyewe ni wa zamani, umekaa dukani mpaka umepoteza nguvu. Nikamwambia Saynab umenukia vizuri sana, Mungu amlipe. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na siku hiyo sikuona uzito wake.

Mume wangu Sugow alikuwa dalali wa mifugo katika soko la Garissa. Alifariki siku chache baada ya Idi ya kuchinja, kwa homa iliyotuangusha sote wawili katika wiki moja. Mimi niliinuka, yeye hakuinuka. Tulimzika alasiri. Watu waliniambia nina subira, na mimi nilijua kwamba ile si subira. Ilikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: unaukanyagia chini, unaona umekanyaga, lakini mguu wenyewe hauleti habari yoyote. Niliswali sala zangu tano. Nilisoma nyiradi. Nilimwomba Mungu amsamehe Sugow na ampanulie kaburi lake, na maneno yote yalitoka kwa mpangilio wake. Nilisubiri kitu kije nyuma ya maneno. Hakikuja.

Kilichobaki kilikuwa binti yangu Khadra, aliyekuwa kidato cha tatu, na kazi.

Kiwanda chetu kiko nje ya mji, kwenye tambarare ya mchanga na miiba. Mapande ya chuma huletwa kwa lori kutoka pwani, tunayapasha katika tanuru mpaka yanakuwa mekundu kama kaa la moto, halafu mashine zinayabana na kuyavuta mpaka yanakuwa nondo za kujengea. Nondo hizo huenda Wajir, Elwak, Hulugho, kila mahali mtu anapoinua ukuta. Tanuru linakula gesi na mashine zinakula stima. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna kinacholiwa ovyo. Kila saa niliandika tarakimu tatu katika kitabu: gesi iliyobaki kwenye tangi, kilo za gesi zilizoingia katika tanuru, na stima iliyotumika. Mlango wa tanuru ukikaa wazi muda mrefu, nilipiga simu kwa msimamizi aufunge. Mashine kubwa zikitaka kuwashwa pamoja, niliwaambia wawashe moja, wangoje, ndipo wawashe ya pili, ili stima isipande ghafla. Ilikuwa kazi ya kukaa na kuangalia, na niliipenda.

Niliingia pale kama mfagiaji. Asubuhi moja, miaka minane iliyopita, nilikuwa nafagia nje ya ofisi nikasikia harufu ya gesi, kama yai bovu lililofichwa mbali. Kifaa cha kugundua gesi kilikuwa kimya ukutani. Meneja wetu Billow alinifuata nikimwonyesha njia kwa pua, hatua kwa hatua, mpaka tukafika kwenye kiungo cha bomba kilicholegea. Siku hiyo alisema pua hii isipotezwe kwenye vumbi. Lakini mlinzi wa gesi lazima asome na aandike, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa, sijui herufi zaidi ya zile za jina langu, Ramla. Nikajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Miaka mitatu nilikwenda baada ya sala ya magharibi, nikijifunza kusoma, kisha kujumlisha, kisha kugawanya, mpaka nikaelewa asilimia ni nini. Billow akanikabidhi kitabu na ufunguo wa yadi. Vitu vingine vyote katika maisha yangu nilipewa na baba au na mume. Ufunguo ule niliupata mwenyewe.

Pale kiwandani tulikuwa na utaratibu tuliouita kupita. Hakuna aliyewasha moto katika yadi ya gesi kabla mimi sijapita. Kupita maana yake ni kutoka kwenye tangi, kuzunguka hadi shimo la valvu lililoko nyuma karibu na seng'enge, halafu kufuata bomba mpaka ukuta wa tanuru, nikiinama kwenye kila kiungo na kunusa. Lazima uinamie, kwa sababu gesi ile ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujaa mashimoni kama maji. Nikimaliza naandika: nimepita, hakuna harufu, na saa, na jina langu. Kifaa kilikuwepo, lakini wanaume waliamini pua. Isacko, mchomeleaji wetu, Mborana kutoka Wajir, hakushusha hata miwani yake kabla ya kuuliza, "Mama Khadra, umepita?" Mimi na yeye tuliongea Kiswahili tu. Mimi sijui Kiborana, na yeye alidai kwamba Kisomali kinampa maumivu ya kichwa, ingawa nilimsikia mara nyingi akibishania bei ya mbuzi kwa Kisomali safi.

Nilirudi kazini Jumatatu. Billow alinipokea getini kwa heshima, akanipa pole upya, akaniita eedo, yaani shangazi, kama anavyoniita siku zote ingawa tumepishana miaka michache. Kisha akaniambia mbele ya wote:

"Eedo, miezi minne bila uunsi, bila marashi, bila sabuni ya kunukia. Pua yako sasa imepumzika kuliko ya mtu yeyote Garissa. Kifaa kilikuwa kinasumbua, nimekipeleka Nairobi kikatengenezwe. Kwa sasa tuna wewe."

Wote waliokuwepo walitikisa vichwa. Kwetu lilikuwa jambo lenye akili. Tangu utotoni tunasikia kwamba manukato huchosha pua, na kwamba mwanamke anayetoka eda anaweza kusikia harufu ya mvua siku moja kabla haijanyesha. Hakuna aliyefikiria kuniuliza mimi mwenyewe. Nikasema inshallah.

Isacko alikuwa amesimama kando na bilauri ya chai. "Bua ya kiwanda imerudi," akasema, akiiga ulimi wangu wa Kisomali unaogeuza p kuwa b, na wanaume wakacheka. "Sasa wavuta sigara walale usingizi."

Nilipita asubuhi hiyo kama zamani. Kiungo cha kwanza, cha pili, shimo la valvu na mfuniko wake wa chuma wenye matundu, bomba, ukuta. Sikusikia kitu. Niliandika, nikatia jina.

Siku ya pili jioni, Khadra alipiga kelele kutoka uani kwamba maziwa yanaungua. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye jiko, nimelipa mgongo, nasoma. Sufuria ilikuwa nyeusi chini na moshi umejaa jikoni. Khadra alinitazama, akachukua kitambaa, akaitoa ile sufuria. Alipokwenda nje nilifunga mlango. Niliinama kwenye meko yetu ya gesi, nikafungua bila kuwasha, pua yangu imegusa chuma. Kwa masikio niliisikia gesi ikitoka. Nilihesabu mpaka tano. Nikafunga, nikafungua dirisha, nikakaa sakafuni.

Nilipaswa kusema kesho yake. Barabara ilikuwa wazi, kifaa kingine kingeweza kuletwa kwa basi katika siku moja, na mambo yangekwisha hapo. Sikusema. Kufagia nisingeona aibu, nimefagia miaka mingi. Lakini kila nilipojaribu kufikiria asubuhi bila ufunguo ule, sikuona kitu mbele yangu, kama ukurasa usioandikwa. Sugow hakuwepo. Pua ndiyo iliyokuwa imebaki. Basi nilisujudu muda mrefu kila usiku na kumwomba Mungu anirudishie kunusa kabla mtu hajajua. Niliomba kwa bidii sana. Sikuomba nipewe ulimi wa kusema ukweli. Nimeona baadaye kwamba mtu anaweza kusali sana huku anakimbia.

Kila asubuhi nilipita, nikainama, nikatia jina langu. Sikuhisi hofu. Hilo ndilo ninaloona gumu kulieleza. Mkono uliandika tu, kama mkono wa mtu mwingine.

Mwishoni mwa wiki ya kwanza mto Tana ulivunja kingo zake. Maji yalikata barabara kati ya Madogo na mji, watu wakawa wanavushwa kwa boti, na lori letu la gesi likabaki upande wa pili, limejaa, halina pa kupita. Tangi moja lilikuwa tupu. La pili lilisoma asilimia thelathini na nane.

Billow alituita chumba cha geji, penye vipimo vya gesi. Alisema tusipashe chuma tena mpaka gesi ifike, lakini tanuru lisizimwe. Matofali ya ndani ya tanuru yamezoea moto. Yakipoa haraka hupasuka, na paa lake likianguka, kulijenga upya ni miezi. Kwa hiyo tulishusha moto ukawa mdogo, wa kulinda matofali tu, kilo kumi na tano kwa saa. Mashine zote zilinyamaza. Wafanyakazi arobaini na mmoja walikaa kivulini wakicheza karata na kuniuliza, kila nilipopita, gesi imebaki ngapi. Waliuliza kwa utani, lakini walikuwa wanauliza kuhusu kazi zao.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kilo kumi na tano kwa saa ni kilo mia tatu na sitini kwa siku. Tangi letu ni la tani kumi, kwa hiyo kila asilimia moja ni kilo mia. Kwa siku nne tanuru lingekula kilo elfu moja mia nne na arobaini, asilimia kumi na nne na kidogo. Nilisoma geji kila siku alfajiri, kabla jua halijapiga tangi, kwa maana gesi hutanuka kwa joto na geji hudanganya mchana. Baada ya siku nne geji ilisoma ishirini na mbili. Kutoka thelathini na nane, hiyo ni kumi na sita.

Nilirudia mara tatu kwa kalamu. Mita ya tanuru ilikuwa sahihi, nilijua, tuliipima mwezi wa sita. Kulikuwa na kilo mia moja na sitini zilizotoka kwenye tangi na hazikufika kwenye moto. Kilo arobaini kila siku. Nilikaa na karatasi ile mbele yangu. Saa moja nilikuwa nimekwishapita na kuandika hakuna harufu, kwa mara ya kumi na moja.

Nilijiambia labda geji imekwama. Nilijiambia nitasoma tena kesho alfajiri, nipate uhakika. Nikakunja karatasi nikaiweka katika kitabu.

Saa nne nilitoka kwenda kuangalia yadi, na nikamkuta Isacko akisukuma mkokoteni wa mitungi yake ya kuchomelea. Alinieleza kwamba Billow amenunua mitungi mikubwa ya gesi yote iliyopatikana madukani mjini, waiunge kwenye bomba letu iongeze siku mbili tatu. Kazi yake ilikuwa kuchomelea kishikio cha kubeba bomba jipya, pale kwenye fremu ya mfuniko wa shimo la valvu. Alisimamisha mkokoteni hatua kama kumi kutoka kwenye shimo. Upepo ulitoka nyuma yetu, ukielekea seng'enge na vichaka.

Nyumbani kwa jirani wa kiwanda kuna mbuzi watatu ambao kila siku hupenya chini ya seng'enge na kulala kwenye kivuli cha tangi, pale nyuma, karibu na shimo. Nimewafukuza miaka yote na kila siku wanarudi, kwa sababu saruji ya pale ina ubaridi. Asubuhi ile hawakuwepo. Niliwatafuta kwa macho nikawaona mbali, karibu na geti, wamelala juani. Nikakumbuka kwamba jana pia walikuwa pale juani, na juzi. Mimi nimekulia Hulugho nikichunga. Mbuzi haachi kivuli saa nne ya Garissa bila sababu.

Isacko alikuwa amefungua valvu za mitungi yake. Alishika kiberiti mkononi.

"Mama Khadra, umepita?"

"Nimepita saa moja."

"Basi nawasha. Sogea kidogo, usije ukasema nimekuunguza dera jipya."

Alikuwa anatabasamu. Ana watoto wanne, na mkewe alikuwa na mimba ya tano. Nilikuwa nayajua hayo yote na niliyafikiria bila kuhisi chochote, kama mtu anayesoma orodha ya majina. Lakini miguu yangu ilikwenda. Nikasimama kati yake na shimo.

"Isacko, usiwashe."

"Kuna harufu?"

"Sijui."

Akacheka. "Hujui? Pua haijui?"

"Sisikii harufu, Isacko. Sisikii kitu chochote. Tangu nilipotoka eda."

Alifunga valvu za mitungi, moja, halafu ya pili. Alitia kiberiti katika mfuko wa shati na kufunga kifungo chake polepole, kama mfuko una kitu kinachoweza kumwagika.

Nilikwenda kuchota ndoo ya maji nikayavuruga na sabuni ya unga. Tulirudi tukiwa wawili, tukainua mfuniko kwa mikono, bila chuma kugonga chuma. Isacko aligeuza uso mara moja na kukohoa.

"Iko," alisema. "Imejaa."

Tulisubiri upepo uifagie. Kisha nilimwaga povu juu ya valvu, na kwenye kiungo cha chini mapovu yakaanza kuvimba, makubwa, yakipasuka na kuvimba tena. Hayakuwa na haraka. Niliyatazama kwa muda. Nilifunga valvu kuu ya tangi kwa mkono wangu, na kule ndani ya kiwanda moto wa tanuru ukazimika.

Fundi alisema gasketi ya kiungo kile, ule mpira wa kuzuia gesi, imeliwa. Ya ukubwa ule haikuwepo Garissa nzima, na hata gesi ya ile mitungi ya mjini ingepita kwenye kiungo kilekile. Ilibidi itoke Nairobi, ifike Madogo kwa basi, ivushwe kwa boti pamoja na watu na magunia ya unga. Ilichukua siku nne. Usiku wa kwanza tanuru lilianza kupoa. Siku ya tatu, mchana, tulisikia kitu kikianguka ndani yake, halafu kingine, halafu vingi pamoja. Wanaume waliweka karata chini. Hakuna aliyekwenda kuangalia, kwa sababu wote tulijua ni paa.

Jioni hiyo waliambiwa waende nyumbani mpaka matofali mapya yapatikane. Wengine walinipungia mkono kama kawaida. Mmoja alipita karibu yangu na kusema kwa Kisomali, bila kunitazama, kwamba Mungu amsamehe mtu anayekula na kunyamaza.

Billow aliniita ofisini. Alikuwa na kitabu changu mezani.

"Eedo, ulijua tangu lini?"

"Siku ya pili."

Alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Jina langu lilikuwa pale, kwa mwandiko ule niliojifunza ukubwani, herufi zimesimama wima kama miti ya boma. Mara kumi na moja.

"Siku ya pili barabara ilikuwa wazi," alisema.

Hakupandisha sauti. Alisema na yeye ana lake la kujibu mbele ya Mungu na mbele ya wenye kiwanda, kwa sababu alikipeleka kifaa kabla hajapata kingine, na aliyapa maneno ya watu nafasi ya mashine. Lakini jina langu halingeweza kuwa tena katika kitabu kile. Tanuru likiwaka nikitaka kufagia, mlango uko wazi. Niliweka ufunguo mezani. Nikasema alhamdulillah, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa mdomoni.

Nje Isacko alikuwa ananisubiri, amejifunga kilemba kwa ajili ya vumbi. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ya sita nilichomelea ngazi ya tangi. Nilikuuliza. Ulikuwa umepita?"

"Nilikuwa nimepita."

Hatujui kama gesi ilikuwa imeanza kutoka siku ile. Labda haikuwa. Isacko akajipangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu, akaondoka.

Nilikwenda kliniki. Daktari alininusisha kahawa, kitunguu na spiriti, nikiwa nimefumba macho, na kila mara nikamwambia hakuna. Alisema homa ile huenda iliumiza mishipa ya pua, kwamba inaweza kurudi baada ya mwaka, na inaweza isirudi. Dawa yake haipo. Nilimshukuru nikarudi kwa miguu.

Nyumbani nilifunika meko ya gesi kwa kitambaa na kumkataza Khadra kuiwasha. Tulipika kwa makaa. Nilirudi kwenye masomo ya jioni, nikakaa kiti changu, nikafanya hesabu nilizopewa. Baada ya kila sala nilileta istighfari, nikihesabu kwa vidole. Sikuomba tena pua. Sikujua niombe nini, basi nilikaa tu juu ya mswala nikiwa nimefungua mikono, mpaka miguu inakufa ganzi na Khadra ananiita.

Wiki mbili zikapita hivyo. Alhamisi moja asubuhi, Saynab akiwa ametutembelea, mtu alibisha hodi getini. Alikuwa Isacko na begi begani. Alisema mabasi ya Wajir yameanza tena na anakwenda kwao mpaka tanuru lijengwe, amepita kuaga. Sikumtarajia. Saynab alitandika jamvi barazani, akamkaribisha, akamwuliza habari za mkewe na mvua na ngamia kwa pamoja, kama anavyofanya. Isacko alijibu yote. Alisema mtoto wa tano ni wa kike, amezaliwa Jumapili. Tulimwombea.

Nilimwambia Khadra apike chai. Kulikuwa kumenyesha usiku, makaa yalikuwa yamelowa, na tulimsikia jikoni akipuliza na kukohoa. Alitoka mara mbili na macho mekundu. Mara ya tatu Saynab akamwambia awashe gesi, mgeni ana basi la kuwahi.

"Mama amekataza," Khadra alisema.

"Amekataza kwa nini?"

Khadra alinitazama. Mimi nilitazama jamvi. Isacko ndiye aliyeelewa. Alivua viatu vyake akaviweka sawa, akaomba ruhusa ya kuingia jikoni, na Khadra akamtangulia.

Kutoka barazani tuliona yote, mlango ulikuwa wazi. Aliondoa kitambaa. Alipiga magoti mbele ya mtungi, akafungua valvu yake, akainama mpaka ndevu zikagusa chuma, akavuta pumzi kwa sauti. Akafuata mpira wa gesi polepole, akiinama kwenye kila pindo, mpaka kwenye meko. Akanusa nyuma ya meko. Akanusa pembeni mwa debe la unga, chini ya rafu, kwenye pembe za ukuta ambako sakafu imeshuka. Saynab alifunika mdomo kwa shungi, akaniuliza kwa kunong'ona kama huyu mtu ni mzima. Isacko hakugeuka. Alimaliza pembe ya mwisho ndipo akasimama na kurudi mlangoni.

"Nimepita, Mama Khadra."

Hakuwa anacheka. Alifungua kifungo cha mfuko wa shati lake, akatoa kile kiberiti, akaninyooshea.

"Washa. Na sukari msitie nyingi ile ya Kisomali, nina safari ndefu."

Niliinuka nikaingia. Nikasema bismillah, nikafungua gesi, nikaisikia ikitoka, nikawasha. Moto ulishika mara moja, wa buluu, wa duara. Niliweka kiganja juu yake, nikakishusha kidogo kidogo mpaka nikausikia. Kisha nikateleka sufuria ya maziwa na kusimama palepale, nikiyaangalia yasiungue.